Gia za Kassim

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiitaja mpaka leo damu hunipanda kichwani. Ni siku niliyomwona baba yangu mzazi, mtu aliyeheshimiwa Siyu nzima, amekaa chini katikati ya ndia, yaani njiani, kinywa wazi, anatafuta pumzi haipati. Kando yake ndugu yangu Shee anaikanyaga pikipiki iwake. Na pikipiki ile haikuwa mbovu! Ilikuwa na gia mpya, za thamani kuliko kitu chochote kilichokuwa nyumbani kwetu. Kaa kitako unisikilize, tena usinikate maneno, kwa sababu nimesikia nyinyi vijana wa sasa mnataka kutupeleka kule kule.

Pikipiki zilipoanza kuenea hapa kisiwani Pate, wengi wetu tulikuwa watu wa punda na miguu. Vijana waliozipata walizifanya kazi. Walibeba abiria, walibeba unga na mahindi, walibeba kamba wakubwa kutoka kwa wavuvi wa Kizingitini. Siku ya pili ya Idi ndipo walipojipa furaha yao. Walishindana kutoka mbele ya ngome yetu ya Siyu, wakapita Mbwajumali, mpaka Kizingitini, na kisiwa kizima kilitoka kutazama. Sisi wanawake tulisimama kwenye kuta na leso zetu tukipiga vigelegele, na asiyekuwa na ndugu mbioni alimwazima ndugu wa mwenziwe.

Aliyeyasimamia mashindano ni Mwalimu Bakari, mwalimu wa chuo aliyetusomesha Kurani sote. Sharti lake lilikuwa moja tu. Pikipiki zote ni za aina moja, na kila moja iwe kama ilivyotoka dukani. Asiongeze mtu kitu, asipunguze kitu. Basi aliyeshinda alishinda kwa mkono wake, kwa jicho lake, na kwa kuujua mchanga wa ndia zetu. Shee alipata kushinda mara moja, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka akajifuta machozi.

Halafu akaja Kassim.

Sitaki nimsingizie mtu. Kassim hakuwa na tabia mbaya. Alikuwa mtoto wa watu wa Lamu mjini, wenye majumba na maduka, na babake alikuwa amemleta Kizingitini asimamie biashara ya kununua kamba. Alisalimia wakubwa, alitoa sadaka, na kicheko chake kilikuwa kizuri. Lakini alizoea kushinda, na kwetu alikuwa hashindi. Alikuwa na pikipiki mbili, moja ya kazi na moja ya mbio, na hata hivyo vijana wenye moja walimwacha nyuma.

Kikao cha kabla ya Idi kilifanyika barazani kwa Mwalimu. Mimi nilikuwa ndani na mke wa Mwalimu, tunachambua mchele, na maneno yote yalitufikia.

"Jamani, hizi gia za kiwandani dhaifu," Kassim alisema. "Kila Idi zinavunjika meno. Fundi alipwe, spea zinunuliwe, na mwaka ukirudi ni yale yale. Mombasa ziko gia za mashindano, ngumu, hazivunjiki. Mtu akinunua mara moja amepumzika. Mwanzo utaumia kidogo, lakini mbele ni faida tupu."

Nikaisikia sauti ya Shee. "Na mbio je? Zinaongeza mbio?"

"Kidogo tu. Hasa ni uimara."

"Na asiyeweza kununua?"

"Ni hiari, ndugu yangu. Hakuna anayelazimishwa."

Hiari! Mke wa Mwalimu aliniangalia, nami nikamwangalia. Huko nje Mwalimu alikohoa, akauliza hili na lile. Lakini Kassim alikuwa ameshaahidi kutoa zawadi ya mshindi na chakula cha watu wote mwaka ule, na mtu aliyekwisha kukulisha pilau ni vigumu kumwambia hapana. Sharti likalegezwa pale pale. Tulisoma Fatiha, watu wakatawanyika.

Ile "kidogo tu" yake tuliiona siku ya pili ya Idi. Kassim alifika Kizingitini, akashuka, akavua kofia, akaletewa dafu, akalinywa lote, na wa pili bado hajaonekana. Watu walipiga makofi, maana makofi ni adabu. Shee alirudi nyumbani amenuna, akala wali wake ameinama.

Sasa angalia vilivyofuata. Hakukuwa na kikao wala mashauriano. Kila kijana alikwenda zake kimya kimya kutafuta gia kama za Kassim, maana nani anataka kuitwa wa mwisho mbele ya wachumba? Mmoja aliuza mashine ya kushonea ya nyumbani. Mwengine alikodisha minazi ya watoto yatima wa nduguye, na hilo Mungu atamuuliza yeye. Shee aliuza mtamba, ng'ombe jike tuliyeachiwa na mama yetu, Mungu amrehemu. Mtamba yule na mimi nilikuwa na fungu langu, kwa sheria ya dini, na sikuulizwa! Nilirudi kutoka kisimani nikakuta zizi tupu na kamba imelala chini. Nilipomkabili alinijibu, "Nitakulipa nikishinda, Dada." Hasira niliyokuwa nayo siku ile nilimtupia yeye peke yake. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wa kutupiwa walikuwa wengi.

Gia zilipofungwa, pikipiki ilikimbia kwelikweli kwenye ardhi ngumu. Lakini zilikuwa gia za kukimbilia tu. Ile ya kwanza, ambayo huivuta pikipiki polepole ikiwa na mzigo, ilikuwa ya haraka mno. Ukiweka abiria wawili mchangani, injini inazima au klachi inaanza kunuka moto. Wanawake wa Mbwajumali waliokuwa wakimpigia simu Shee awapeleke na magunia yao ya simsim wakaacha kumpigia. Wachuuzi wa kamba nao wakamwacha. Alisema biashara imepoa. Biashara haikupoa hata kidogo, ilihamia kwa wengine.

Ndipo baba akashikwa na pumu.

Ilikuwa mchana, kiangazi, na haikuwa pumu ya kawaida yake. Midomo ilianza kubadilika rangi. Shee alimpandisha, nami nikapanda nyuma kumshikilia, mshikaki wa watu watatu. Pikipiki hiyo hiyo, kabla haijabadilishwa, ilikuwa ikitubeba hivyo hivyo na gunia juu yake. Tukatoka kuelekea hospitali. Tulipoingia kwenye mchanga mwingi ikakohoa, ikazima. Shee akaiwasha, ikasogea, ikazima tena. Mara ya tatu moshi wa klachi ulitupanda usoni, baba akazidi kubanwa, ikabidi tumshushe chini.

"Shee, fanya kitu!" nilimpigia kelele.

"Haivuti, Dada! Haivuti!" Alikuwa analia kama mtoto, mtu mwenye ndevu.

Aliyetuokoa ni mwanamke wa Siyu, Bi Fatuma, aliyekuwa akitoka shamba na punda wake amembebesha makuti. Alituona, akasimama. Aliyamwaga makuti yote chini, akavua leso yake ya juu akaitandika mgongoni mwa punda, tukampandisha baba. Bi Fatuma alishika kamba, mimi nikamshika baba upande huu na Shee upande ule. Tulikwenda hivyo mpaka hospitali, nikisoma kila dua niliyoijua, na zilipokwisha nikazianza upya. Walimtia hewa na dawa, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu akarudi.

Baba alipopata nguvu hakumgombeza Shee. Alisubiri kikao cha kabla ya Idi, akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda barazani kwa Mwalimu, akakaa bila ya kualikwa. Mimi safari hii sikujificha ndani. Nilisimama mlangoni.

"Bwana Kassim, mwanangu," baba alianza, kwa ile sauti yake ya chini. "Nimesikia una pikipiki mbili."

"Ndiyo, Baba."

"Ile ya kazi ina gia za namna gani?"

"Za kiwandani, Baba."

"Za kiwandani, zile dhaifu? Mbona hukuitia hizo zako ngumu, zisizovunjika?"

"Zile... zile si za mzigo, Baba."

"Basi ulikuwa wayua, una habari zote," baba akasema. "Siku ile uliposema 'kidogo tu', ulikuwa wayua. Wewe una ya kushindania na una ya kutafutia. Hawa kila mmoya ana moya. Ukawambia ni hiari! Mtu akiambiwa abaki nyuma au auze ng'ombe, hiyo ni hiari gani?"

Baba akamgeukia Mwalimu.

"Nawe Mwalimu, wewe ndiwe uliyetufunza kusawazisha mizani. Sharti lako la kwanza lilimlinda asiyekuwa na kitu. Ulipoliondoa, ulimlinda nani? Na wote wakinunua, si watakuwa sawa tena kama walivyokuwa? Sasa watakuwa wamenunua nini? Nielezeni, mimi sikusoma sana, watakuwa wamenunua nini?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Baba hakuwaacha vijana.

"Na nyinyi munaswali safu moya, munakula sinia moya. Lakini kila mtu alikwenda kuuza cha kwao peke yake, kwa siri, mwenziwe asijue. Lau mungalikataa pamoya, nani angaliwalazimisha?"

Je, walimsikia? Wazee wa kamati walitingisha vichwa, wakasema maneno ya busara, kisha wakasema mashindano yameshatangazwa na Kassim ameshanunua mbuzi wa zawadi, kwa hivyo jambo litaangaliwa baada ya Idi. Litaangaliwa! Mtu amenusurika kufa mchangani, nao wanatazama mbuzi. Nilirudi nyumbani nikawasha jiko. Baba aliomba chai, akanywa, akalala.

Siku ya pili ya Idi vijana walikuja wote mbele ya ngome, wenye gia mpya na wenye za zamani, wakajipanga. Nilimwona Shee kati yao, nikasema huyu hakuelewa kitu. Mwalimu akainua kitambaa, akakishusha.

Kassim akachomoka. Wengine hawakusogea.

Shee alizima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Wa pili yake akazima, na wa baada yake, mpaka sauti zote zikaisha na tukabaki tunaisikia pikipiki moja tu, inakwenda, inapotea upande wa Mbwajumali. Walikuwa wamepatana wenyewe kwa wenyewe baada ya swala ya alfajiri. Hakuna aliyepiga kelele wala kumtukana mtu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti alicholetewa, na alipomwona Shee anashuka alimwita kwa mkono, akamkalisha chini karibu na miguu yake.

Waliokuwa Kizingitini walitusimulia kwamba Kassim alifika, akavua kofia, akasimama. Watu wakamuuliza wenziwe wako wapi, naye akawa anatazama ndia. Hakuna aliyempa dafu.

Ningependa nikwambie kwamba aliomba radhi, lakini ningekudanganya. Alikasirika. Alisema ni wivu wa watu wasiopenda maendeleo, akawachukua mbuzi wake, na baadaye akarudi kwao Lamu. Mashindano nayo yalilala miaka. Shee alizitoa zile gia akaziuza kwa bei ya kutupa, akarudisha za kwanza, na wateja wakarudi mmoja mmoja. Mtamba hakurudi. Fungu langu Shee alinilipa polepole, kwa mbuzi na kwa nguo za Idi, na hilo namshukuru. Vijana walipoyafufua mashindano waliunda kamati ya wapanda pikipiki wenyewe, wakaweka sharti kwamba pikipiki ya kushindana ni ile ile iliyobeba abiria mwezi mzima.

Sasa nasikia amekuja tena mtu, amevaa vizuri, anawaambia gia zenu zinavunjika na yeye anazo zilizo bora. Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Akikuletea mtu sharti jipya akasema ni hiari, usimuulize yeye kama ni hiari. Nenda kamuulize aliye na pikipiki moja. Akisema litakuokolea gharama, mtazame yeye mwenyewe amelitia wapi na wapi hakulitia. Usikubali neno kwa sababu msemaji amelipia chakula. Na likikuelemea, usikimbilie kuuza cha nyumbani kwenu kimya kimya. Mwambie mwenzako, naye amwambie mwenzake, mkatae pamoja na kwa adabu. Kushinda kwa kilichonunuliwa ambacho mwenzio hawezi kukinunua si ushindi, ni kujionyesha. Na cha watu wawili, tafadhali, usikiuze bila ya kumuuliza wa pili.

Mwenyezi Mungu akuweke, mwanangu. Akupe riziki ya halali na mkono mwepesi. Akukutanishe na wenzi wa kweli, akuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa, na kila safari utakayompakia mtu mgongoni mwako, akufikisheni salama. Amin.