Mnyama wa Shilingi Hamsini

Sarafu mpya ya shilingi hamsini ilipoanza kuonekana Mpanda, nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi upande wa Makanyagio. Nilikuwa nimeiona mara moja tu, sokoni Kashaulili, kwenye kiganja cha muuza sukari, tena kwa haraka. Hilo halikunizuia kuifanya somo.

Tulikuwa kwenye maumbo. Nikaichora ubaoni, pembe saba, na katikati nikaweka mnyama mnene na mtoto wake.

"Huyu ni kiboko," nikasema. "Serikali imetukumbuka watu wa huku. Viboko wamejaa Mto Katuma, nyie wenyewe mnawajua."

Watoto wakafurahi. Lakini binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa Msukuma, wazazi wake walikuwa wamehamia kwetu na ng'ombe mwaka uliotangulia.

"Mwalimu, mimi nimeiona kwa baba. Yule mnyama ana pembe puani."

Ningeweza kusema nitaangalia. Badala yake nikasema, "Wewe umezoea zizini. Kila mnyama kwako ana pembe."

Darasa likaangua kicheko. Yeye akarudia, kwa sauti ndogo, kwamba pembe ipo. Nikamwita mbele, nikampiga fimbo mbili mkononi kwa kubishana na mwalimu.

Jioni ileile, mwalimu mwenzangu alitoa sarafu hiyo kulipia chai. Nikaiomba, nikaigeuza. Kifaru. Pembe imesimama wazi, na mtoto yuko ubavuni mwa mama yake.

"Hao wamemalizwa na majangili," mwenzangu akasema. "Nadhani ndiyo maana wamemweka na mwanawe, tujue tunapoteza nini."

Chai ilinishinda. Nilijiapiza kwamba kesho, kabla ya kitu kingine chochote, nitamwomba yule binti radhi mbele ya wenzake.

Asubuhi nilimkuta mlangoni pa darasa amesimama na baba yake. Nilijua mzee amekuja kunishtaki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akavua kofia.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "mtoto kaniambia kakubishia. Mimi sikusoma. Nimemleta asome, aje anisomee na mimi, sasa akigombana na mwalimu nitafanyaje? Nyumbani nimemchapa. Sema, mama."

Binti akapiga goti. "Nisamehe mwalimu. Ni kiboko."

Watoto arobaini walikuwa wanatazama. Mdomo wangu ulifunguka, na nilichokisikia kikitoka ni, "Nimekusamehe. Nenda ukakae." Baba yake akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka.

Wiki mbili zilipita ndipo nikachora kifaru ubaoni. Nikaeleza pembe, nikaeleza mtoto, nikaeleza majangili, vizuri kabisa. Kisha nikasema, "Wengine wenu mlidhani ni kiboko."

Hakuna aliyecheka. Yule binti aliandika kwenye daftari lake bila kuinua kichwa. Mpaka familia yao ilipohamisha ng'ombe kuelekea Bonde la Rukwa, baada ya mavuno, hakunyoosha mkono tena darasani kwangu. Nilimpa alama nzuri za nidhamu.