Mama Vumbi na Mabonge Yake

Mtaani wanamwita Mama Vumbi, na aliyelianzisha jina hilo ni mimi mumewe. Mwanamke anachunguza vumbi la mbinguni kutwa nzima, lakini la juu ya kabati letu halioni. Nikimtania, ananijibu kwamba la kabatini halina haraka.

Kazi yake chuoni ni kuuliza sayari zilianzaje. Nyota inapozaliwa huzungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Sahani ikiwa nzito mno, uzito wake wenyewe huivuruga: hujikunja mikono, kama maziwa unapoyakoroga kwenye chai, na pengine ikakatika mabonge. Lakini sharti kwanza ipoteze joto upesi, maana gesi ya moto hukataa kubanwa. Hapo nilimwelewa mara moja. Mimi ni fundi majokofu. Ugomvi wangu na joto ni wa kila siku.

Kwa kuwa huko hakufikiki, sahani anaiunda ndani ya kompyuta, akiigawa vipande na kukokotoa jinsi kila kipande kinavyovivuta vingine. Kwa miaka sahani zake zilizunguka tu, tasa. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na chuo kilisema wazi: bila matokeo, hakuna mwingine. Ndipo mabonge yakatokea! Profesa, mkuu wake, mzee anayecheka kwa mabega, aliwapigia simu wenzake hadi ng'ambo.

Furaha haikumaliza wiki. Nilimkuta jikoni, chai imempoa mkononi.

"Nimeigawa sahani vipande vidogo zaidi," akasema. "Mabonge yametoweka."

"Yamekwenda wapi?"

"Hayakuwapo, baba watoto. Vipande vyangu vilikuwa vikubwa mno. Iliyokatika ni hesabu, si gesi."

"Kuna mwingine anayejua?"

Alinitazama mpaka nikaona haya. Niliogopa, sifichi, mshahara wake ndio uliokuwa ukituvusha.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, akaenda kuvaa viatu.

Nilimsindikiza. Ofisini Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, mabega yametulia.

"Binti yangu, nimeshawaambia watu."

"Ndiyo maana nimewahi kuja, Profesa. Shikamoo yangu hata sijaitoa."

Mzee alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na ile mikono? Nayo imetoweka?"

"Ipo. Kila nikigawa, ipo."

"Mpaka sasa umeweka gesi tupu. Basi mwaga vumbi humo, tuone."

Mkataba haukungoja. Ulikwisha, asipewe mwingine, na nyumbani tukajifunga mkanda. Profesa alimwachia kiti na kompyuta, naye mke wangu akawa anakwenda kazini bila kazi. Majirani walimwona kichaa, na kuna asubuhi nilikaribia kukubaliana nao.

Siku moja mchana alikuja karakanani kwangu, ambako hakuwa amewahi kufika, akapita katikati ya majokofu mabovu akilia na kucheka.

"Gesi haikukatika," akasema. "Lakini vumbi limekimbilia kwenye mikono, likasongamana, mpaka likashikana kwa uzito wake lenyewe. Mabonge madogo, mbegu za sayari. Nimegawa tena na tena. Hayatoweki!"

Nilimkumbatia na mafuta yangu yote. Mteja aliyekuwa akingoja jokofu lake akauliza kulikoni.

"Mke wangu ameona dunia inavyoanza," nikamwambia.