Tiki Yenye Nukta Mbili

Mwaka nilioingia kidato cha pili nilimaliza vitabu vyote vya hadithi za majini na uchawi vilivyopendwa pale maktaba ya mjini. Hata vile vya kugombaniwa, ambavyo ulijiandikisha ukangoja zamu, nilikuwa nimevisoma mara mbili mbili. Baada ya hapo sikutulia. Kila Jumamosi nilitoka mtaani kwetu Woodley kwa miguu, nikazunguka rafu kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikarudi na kitabu ambacho kufikia Jumapili nilikuwa nimekichukia.

"Wewe umemaliza rafu," mama wa maktaba aliniambia. "Sasa nikupe nini, ukuta?"

Nyumbani nilivificha chini ya godoro. Baba, karani wa ofisi moja mjini na mzee wa kanisa, alishanishika na kimoja. "Hii vitabu ya majini sitaki kwa nyumba yangu," alisema. "Nikipata ingine, hiyo maktaba utaisikia tu." Hakuwa mtu wa kurudia neno. Niliogopa kunyimwa maktaba kuliko nilivyoogopa kiboko, na bado sikuweza kuacha.

Kisha nikaona alama. Wasomaji wengi walikuwa na alama zao, wasije wakaazima kitabu kilekile mara mbili: huyu alizungushia namba ya ukurasa, yule alikunja pembe. Hii ilikuwa tiki ndogo ya penseli yenye nukta mbili chini yake, ukurasa wa thelathini, katika kitabu kilichojaa vumbi cha malkia aliyefuga mawingu. Kilinikolea hadi nikaunguza maharagwe. Jumamosi iliyofuata nilifungua ukurasa wa thelathini wa kila kitabu nilichoweza kukifikia. Tiki ile haikuniangusha hata mara moja. Nikavimaliza vyote vyenye alama hiyo, kiu ikarudi palepale.

Jumapili moja baba, akijifunga tai ya kanisani, alinituma nimletee barua ya kaka yake kutoka kwenye sanduku la bati ambalo hatukuruhusiwa kuligusa. Kila barua mle ilikuwa na tiki na nukta mbili, jinsi alivyotia ofisini kwenye karatasi aliyokwisha kuishughulikia. Nilipiga magoti, nikazipekua moja baada ya nyingine kwa hasira. Saa ya chakula cha mchana, ambayo alituambia huitumia kufunga na kuomba, kumbe alikuwa maktaba na malkia wa mawingu.

"Umekosa?" aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimepata, baba."

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ningeweza kumuumbua mbele ya mama, na ulimi uliniwasha wiki nzima. Lakini angeacha, nami ningeachishwa. Badala yake niliazima kitabu kisicho na alama, cha mji uliozama ziwani, nikakimaliza, nikatia tiki yenye nukta moja ukurasa wa thelathini, nikakirudisha.

Jumamosi nne nilikifungua bila kuona kitu. Ya tano, kando ya tiki yangu palikuwa na yake, na chini yake namba ya rafu ya kitabu kingine, kwa mwandiko nadhifu wa karani.

Nilikimbilia rafu hiyo. Mpaka leo sijui kama alijua anamwandikia nani, na sikuthubutu kumuuliza, maana angelazimika kunikataza.