Mafundi Wawili na Ndege ya Kwanza

Mtaani walimwita Fundi Fremu, maana kazi yake ilikuwa kunyoosha fremu za baiskeli na kuziunga zikikatika. Kaka yake alishika magurudumu. Walikaa kibanda kimoja miaka thelathini na moja, wakibishana kutwa kucha juu ya nani kaficha spana.

Kaka alipofariki kwa homa ya siku tano, Fundi Fremu alizika, akapokea pole za watu, na wiki haijaisha akafungua kibanda. Hakulia. Watu wakasema ana roho ngumu. Yeye mwenyewe hakuona ugumu wala ulaini; chakula kilishuka kooni kama karatasi, na redio iliongea peke yake.

Mwezi wa pili binti wa marehemu, mwalimu wa darasa la nne, alimfuata kibandani.

"Baba mdogo, shikamoo. Kesho nawafundisha watoto jinsi ndege ilivyobuniwa. Waliotengeneza ya kwanza walikuwa mafundi baiskeli. Njoo uwaeleze wewe."

"Mimi hata ndani ya ndege sijaingia."

"Na wao walikuwa hawajaingia."

Akasoma kitabu alichoachiwa na mwalimu, kesho yake akaenda. Alibeba cheni kuukuu na boksi refu jembamba, tupu.

"Walikuwa ndugu wawili," aliwaambia watoto. "Wengi kabla yao walijenga mabawa, wakaanguka. Kupaa si kazi sana. Kazi ni kutopinduka. Baiskeli husimama yenyewe?"

"Hapanaaa!"

"Unairekebisha wewe, kidogo kidogo, bila hata kufikiri. Wao wakaona na ndege irekebishwe hivyohivyo." Akalishika boksi ncha mbili, akalisokota. "Hili ni bawa. Ukilipinda hivi, upande mmoja unanyanyuka, mwingine unashuka. Ndege ikiinama, unairudisha."

Akanyanyua cheni. "Injini ilizungusha pangaboi kwa cheni kama hii. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde kumi na mbili. Hesabuni."

Wakahesabu kwa kelele, wakafika kumi na mbili upesi mno.

"Ndiyo basi?" mmoja akauliza, kama aliyepunjwa.

"Siku hiyohiyo walirudia mara tatu. Ya mwisho ilikaribia dakika nzima."

Msichana wa karibu na dirisha alinyoosha mkono. "Walizeeka pamoja?"

"Hapana. Mkubwa aliugua homa ya matumbo, akafa. Mdogo akabaki."

"Akafanya nini?"

"Aliendelea miaka mitatu, akauza kiwanda chao cha ndege. Aliishi miaka mingi baada ya hapo."

"Alihuzunika?"

Fundi Fremu akaitazama cheni mkononi. "Sijui, mjukuu wangu. Pengine alikuwa anaamka tu, anavaa viatu."

Mwalimu akageukia ubao, akaanza kufuta mahali pasipo na maandishi.

Kipindi kilipokwisha alimsindikiza hadi getini, macho mekundu. "Nilidhani ungekataa, Baba mdogo."

"Sikuwa na nguvu za kukataa." Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kutaja bei ya tyubu, "Mimi sijamlilia baba yako mpaka leo. Najaribu, hakuna kinachotoka."

"Najua. Mama naye aliona."

"Mama yako amesema nini?"

"Amesema usilazimishwe."

Akatikisa kichwa kukubali. Walisimama hapo, wakisikiliza darasa likipiga kelele.

"Jumanne tunaanza somo la breki," mwalimu akasema. "Utakuja?"

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuja," akasema, akapanda baiskeli yake.