Jalada la Kitabu cha Mzee Sikazwe

Sisi tuliokulia Sumbawanga miaka ya Ujamaa tunajua kwamba gari lilikuwa mtu wa familia. Lilikuwa na siku zake za kuumwa na siku zake za kununa, na likipona majirani walikuja kumpa hongera mwenye nalo. Pale kwetu Chanji, asubuhi za Juni baridi ikiuma masikio, tuliamka kwa kelele za Baba akizungusha hendeli ya gari lake la kijivu. Sisi watoto tulikuwa nyuma tayari kusukuma, matumbo yamejaa uji wa ulezi. Likiwaka tulishangilia. Likigoma, Baba alikwenda kufundisha kwa miguu, na wanafunzi wake wakimwona anakuja hivyo walijua siku hiyo fimbo haiko mbali.

Magari ya aina ile yalikuwa matatu tu mjini, mabaki ya enzi za wakoloni, na wenye nayo walikuwa watu ambao bila magari hayo wasingekaa benchi moja. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mzee Salumu alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, mtu wa swala tano na utani usiokwisha. Mzee Sikazwe alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, Mkatoliki kama sisi, mpole lakini mkali wa taratibu. Zamani aliwahi kuwa dereva wa Mzungu mmoja, na Mzungu huyo alipofungasha kurudi kwao alimwachia gari pamoja na kitabu chake.

Kitabu kilieleza gari lote kwa michoro na Kiingereza. Mzee Sikazwe alikuwa nacho, ila Kiingereza hakukijua. Baba Kiingereza alikijua, ila nati na bolti zilimpiga chenga. Mzee Salumu ndiye aliyejua malori yatokayo Mbeya yamebeba nini, na miaka ile vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari. Basi wakahitajiana, na kuhitajiana kukazaa urafiki.

Wenzangu mtakumbuka kuwa Jumapili magari yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana, ili kubana mafuta. Saa hiyo ndipo walipokutana uani kwetu. Mama alitoa ugali na samaki wa ziwani, migebuka ya Kirando, wakala sinia moja. Mwezi wa Ramadhani, Baba na Mzee Sikazwe walingoja jua lizame wafuturu na mwenzao. Baada ya kula walinawa kwa sabuni hadi kwenye kucha, ndipo Mzee Sikazwe alipofungua kitambaa cheupe alichokifungia kitabu. Ukurasa haukunjwi. Kidole hakilambwi. Na kitabu hakisafiri bila mwenyewe. Baba alisoma na kutafsiri, wale wawili wakibishana kuhusu kabureta hadi ng'ombe wanarudi zizini.

Siku moja nilishindwa kujizuia, nikagusa jalada lake la kijani, gumu kama kibao. Mzee Sikazwe hakunifokea. Alinitazama tu, akasema, "Yustina, hilo ndilo shati lake. Ukilichafua umemwaibisha." Tangu siku hiyo nilitazama nikiwa nimeweka mikono mgongoni.

Likizo moja ya masika nilipelekwa kwa bibi yangu, kijijini Mwimbi. Huko malaria ikanipanda kichwani, nikawa nasema maneno yasiyoeleweka, na bibi akamtuma kijana wa baiskeli kwenda mjini. Baba alikuja na gari. Kwa kuwa safari ndefu haikufanywa bila kitabu, na kitabu hakikusafiri bila mwenyewe, Mzee Sikazwe alikaa kiti cha mbele amekipakata. Mzee Salumu alikaa nyuma na sanduku lake la spana, na tulipoanza kurudi mjini kichwa changu kilikuwa mapajani mwake.

Njiani, mahali pasipo na nyumba, gari likachemka. Gasketi ya pampu ya maji, kile kipande chembamba kinachoziba maungio yasivuje, ilikuwa imeliwa na maji yote yamemwagika. Gasketi mpya haikupatikana Sumbawanga nzima. Baba akafungua kitabu akasoma kwa sauti, mvua ikianza kudondoka: wakati wa dharura, gasketi inaweza kukatwa kwa karatasi ngumu iliyopakwa grisi. Wakatafuta karatasi. Pakiti ya sigara ya Baba ilikuwa nyembamba mno. Kisha wote watatu wakatazama mahali pamoja, na hata mimi na homa yangu nilijua ni kwenye jalada.

"Hapana, Mzee," Baba akasema. "Tungoje, huenda gari likapita."

"Gari gani, Mwalimu? Nipe kisu."

Mzee Sikazwe alilikata jalada la mbele mwenyewe, polepole, kama mtu anayechinja mbuzi aliyemlea. Baba akaliweka juu ya chuma cha pampu, akaanza kugongagonga pembeni kwa nyundo ndogo ili lishike umbo. Likachanika katikati. Hakuna aliyemlaumu. Likabaki jalada la nyuma, na likichanika hilo tena, tungelala pale. Mzee Salumu akanilaza vizuri kitini, akatoka, akaishika nyundo yeye, midomo ikitembea kwa dua. Mzee Sikazwe hakukaa kutazama. Alikuja akanifunika koti lake, akasimama mlangoni mvua ikimnyeshea mgongoni.

"Lala, mama," aliniambia. "Tunafika."

Hilo halikuchanika. Walijaza rejeta kwa maji ya kijito, na tulifika hospitali jua halijazama. Daktari alimwambia Baba kwamba tungechelewa kidogo tu, nisingeiona asubuhi. Baba hakunisimulia neno hilo mpaka nilipokuwa naolewa.

Leo wote watatu wametangulia mbele za haki. Mjukuu wangu ana gari zuri, na akipata pancha hupiga simu kwa fundi kabla hajafungua mlango. Juzi alikiona kitabu kwenye kabati, akacheka. "Bibi, hiki mbona kipo kwenye simu?" Akanionyesha, na kweli, kilikuwepo chote, na jalada la kijani linang'aa. Nikamwambia ni kizuri. Siku hizi kila mtu ana kitabu chake mfukoni, hana haja ya kubisha hodi kwa mwenzake, na Jumapili mchana uani kwangu hakuna mtu. Sisi tulikuwa na kimoja, na kilitutosha mji mzima.

Sikumwambia jinsi nilivyokipata. Mzee Sikazwe alipofariki, baada ya matanga, mkewe alikuja kwangu na kile kitambaa cheupe. Nilikataa. Nilimwambia, "Mama, hiki ni haki ya wanao."

"Nilimwambia hivyo hivyo," akajibu. "Akasema jalada lake ni wewe, kikae nalo."

Nikanawa mikono kwa sabuni, ndipo nikakipokea.