Mama Faith alivyoingizwa kwa mchezo wetu

Leo msichana ameigiza mamake, kumbe mama amesimama mlangoni.

Hapa mtaani kwetu Kambi Muru huwa nafundisha vijana drama. Leo nimewaambia, igiza mtu amekukasirisha. (Wewe ungechagua nani? Niambie hapo chini.) Sheria yetu ni moja: ukikatiza mchezo, unaingia kucheza.

Faith hajaongea na mamake tangu Jumatatu. Akamwigiza akitoka kufua nguo za watu kwa magorofa ya Nyayo Highrise. Akaweka mfuko chini, akauliza "Mmekula?" bila kuangalia mtu. Wenzake wakacheka.

"Mimi sifanyangi hivyo!"

Ni mama mwenyewe, na mfuko wa mboga ya sukuma mkononi. Mimi nikaanza kutafuta pa kujificha.

Vijana wote: "Sheria! Sheria!"

Basi akaingia, akacheza Faith. Akakaa kwa stuli, akainamia simu.

Faith, bado akicheza mama, akauliza, "Mmekula?"

Mama akabonyeza simu.

Faith akarudia. Mama hata hakuinua uso.

Faith akainama mbele yake. "Si uniangalie tu, Faith. Nimechoka."

Hakuna mtu alicheka.

Wameenda nyumbani pamoja. Mfuko wa sukuma, amebeba Faith.