Bawa Lililomnyang'anya Mume Wangu Masikio

Asubuhi ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa nimeshafunga sanduku nirudi kwetu Machakos. Wivu ulikuwa umenila mpaka nikakonda.

Tulikaa mtaa wa Jericho, kwenye nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji. Jirani yetu alikuwa Mama Akinyi, muuza omena, vile visamaki vya kukaushwa, pale sokoni. Mume wangu, Baba Mutua, nikimwita ndani ya nyumba haitiki. Nikimwambia neno mezani, anaendelea kula. Lakini Mama Akinyi akimsalimia kutoka ng'ambo ya ua, huyo anainua kichwa na kucheka mpaka jino la mwisho! Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Kwetu nilifunzwa kusema na mume kwa sauti ya chini. Sauti ya Mama Akinyi ilifika mtaa wa pili. Nilimchukia mama huyo, nikachukia hata leso zake.

Basi asubuhi hiyo nikamkuta bombani, nikaipiga ndoo yake teke, maji yote chini.

"Mchukue! Mimi naenda kwetu!"

Hakunirukia, ingawa alikuwa na nguvu za kunikunja. Aliiokota ndoo.

"Bwana yako wa nini? Mimi niko na wangu, na ananisumbua vya kutosha. Huyo ananisikia juu ya vile mimi hupiga kelele soko siku mzima. Hebu simama nyuma yake, umuite vile wewe humuita."

Baba Mutua alikuwa mlangoni akitengeneza stuli. Nikasimama nyuma yake, nikamwita. Kimya. Nikaita tena, akachukua msumari mwingine. Nikapiga yowe, ndipo akageuka akitabasamu. "Kumbe uko hapo?"

Nikakaa kando yake, nikamuuliza kwa sauti ya juu masikio yake yamepatwa na nini.

Alikuwa makanika kwenye uwanja wa ndege. Kulikuwa na ndege fulani, akaniambia, ambazo hewa ya injini hupulizwa juu ya bawa, ili ziweze kwenda polepole bila kuanguka na kutua mahali pafupi. Hewa hiyo ikipita kwa nguvu pale nyuma ya bawa, inapiga mluzi na kunguruma pamoja. Yeye ndiye aliyesimama kando ya bawa wakati wa kuijaribu injini. Masikio yalikuwa yakififia polepole, naye akanyamaza asije akafutwa kazi.

Ndoo ya Mama Akinyi niliijaza mwenyewe, nikambebea mpaka kwake.

Mwanangu, wivu ukikushika, usijijibu mwenyewe. Muulize mwenzio, tena kwa sauti atakayoisikia. Mimi nilijifunza kupaza sauti, na mtaa mzima ukajua tunakula nini. Ila yapo maneno ambayo mke hawezi kuyapigia kelele. Hayo Baba Mutua alizikwa bila kuyasikia, na bawa lile nalionea wivu mpaka leo.

Mungu akujalie mwenzi anayekusikia, nawe umnong'oneze mapema, masikio yake yakiwa bado mazima.